Kitalu Kisicho na Mlango

Osla Inkster hakuwa mwanamke wa kudharau watu. Mama yake alimlea kwa Zaburi na kofi la hapa na pale. Tena katika kisiwa cha Hamarsey, chenye watu arobaini na mmoja na kondoo wasiohesabika, ukianza kudharau majirani utakuwa umewamaliza wote kabla ya Krismasi. Lakini tangu Rasmie Halcrow aliporudi kutoka bara na kujivika kofia ya chuma yenye mabawa ya kunguru, Osla alijikuta anadharau kutwa nzima bila kuchoka, kama mtu aliyegundua kipaji chake uzeeni.

Rasmie alikuwa amekaa Edinburgh miaka thelathini na miwili akiuza bima. Alipostaafu alirudi na ndevu. Ndevu zenyewe zilikuwa za rangi mbili, nyekundu huku chini na nyeupe karibu na ngozi, kwa sababu rangi ya dukani haikuwahi kufika mpaka kwenye mizizi. Akaanzisha Kamati ya Urithi wa Waviking, akajifanya mwenyekiti, na akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo aitwe Rasmus mwana wa Hakon. Baba yake, Mungu amrehemu, aliitwa Wullie. Wullie aliuza chai na sukari katika duka la kisiwa, na alikuwa akitapika feri ikiwa bado imefungwa gatini.

"Sasa huyo Hakon ni nani?" Baabie Mouat alimwuliza Osla siku moja walipokuwa wanakata manyoya ya kondoo. Baabie alikuwa rafiki yake tangu shuleni, mzee wa kanisa, mwanamke mpole kuliko maji ya mtungini.

"Labda ndiye aliyekuwa analeta magazeti," Osla akajibu.

Baabie alicheka mpaka kondoo akamponyoka na nusu ya manyoya yake, kisha akatubu palepale, mkasi mkononi.

Kilichomkera Osla hasa ni kwamba hapakuwa na kitu cha kufufua. Mashua za Hamarsey zilikuwa bado zimechongoka mbele na nyuma kama zilivyochongwa na waliokuja kutoka Norway miaka elfu moja iliyopita. Masikio ya kondoo wake yalikuwa na chale ileile aliyoikata babu wa babu yake. Kila jiwe la ufukweni lilikuwa na jina, na majina hayo hayakuwa ya Kiingereza. Watu walikuwa wanauishi huo urithi na magoti yanauma, hakuna aliyeupigia makofi. Akaja Rasmie, ambaye hajui kumfunga kondoo miguu, akauvalisha kofia.

Basi wangemwacha na mchezo wake, kama asingeigusa kabichi.

Kabichi ya Hamarsey haioteshwi bustanini. Mwezi wa nane mtu hupanda mlimani, kwenye ardhi ya malisho inayotumiwa na wote, na kusia mbegu zake ndani ya kitalu cha mawe. Ni ukuta wa duara unaofika kifuani, na ndani yake udongo umejazwa mpaka usawa wa kiuno, hapazidi upana wa vitanda viwili. Hakina paa, hakina mlango. Miche hukaa humo majira yote ya baridi, upepo ukipita juu yake, na mwezi wa nne huteremshwa na kupandikizwa shambani. Ya Osla ilikuwa kabichi ya kale, majani magumu, mishipa ya zambarau, haijifungi vizuri na haina sura ya kupigwa picha. Lakini inasimama chini ya theluji na chumvi ya bahari, inalisha ng'ombe, inalisha kondoo, na ikichemshwa na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi inamsimamisha mtu aliyelala kitandani wiki mbili. Majirani walikuwa wameacha mbegu hiyo zamani. Waliagiza mbegu za katalogi, wakapata kabichi laini kama shavu la mtoto mchanga, na upepo wa Novemba ukaila yote.

Osla ndiye aliyebaki nayo. Na miaka miwili iliyopita theluji ilijikusanya ukutani kwake, kondoo dume akapanda juu yake kama ngazi, akaruka bustanini na kula mimea mama yote aliyokuwa ameiacha izae mbegu. Zikabaki mbegu kiasi cha kiganja kimoja, ambazo sasa zina umri wa miaka minne. Mwezi wa sita alichukua kumi akazilaza kwenye kitambaa kibichi karibu na jiko. Zikachipua nne. Mwaka wa nyuma yake zilikuwa zimechipua saba. Hesabu hiyo haikumhitaji mtu aliyesoma sana. Zisiposiwa mwezi huu wa nane, mwakani hakutakuwa na kitu cha kusia, na kabichi iliyomlisha mama yake na bibi yake na wote waliotangulia itakuwa imeishia mikononi mwake.

Tena kitalu chake kilikuwa kimoja tu. Udongo wa nyumbani ulikuwa umeingiwa na ugonjwa ule wa kuvimbisha mizizi kama vidole vya bibi mwenye baridi yabisi. Udongo safi ulikuwa mlimani, ndani ya ule ukuta.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane alipanda na ndoo mbili, moja ya mwani, moja ya majivu. Alipofika akakuta kamba nyekundu imezungushwa kitaluni juu ya vigingi, na ubao uliopakwa rangi nzuri: KABURI LA JEMADARI WA WAVIKING. USIINGIE. Rasmie mwenyewe alikuwa amesimama kando, anapiga hatua na kupima, kofia kichwani, mabawa ya kunguru yakimpigapiga masikio kwa upepo.

"Rasmie," Osla akasema, "toa kamba yako, nina kazi."

"Rasmus," Rasmie akamsahihisha. "Osla, mama yangu, usikanyage hapo. Tumegundua jambo kubwa."

"Mmegundua kitalu changu. Kimekuwepo hapa tangu mwaka hamsini na nane. Baba alikijenga, mimi nikimletea vijiwe vidogo ndani ya aproni. Nilikuwa na miaka sita."

Rasmie akatabasamu kama alivyokuwa akiwatabasamia wajane wa Edinburgh waliodai bima zao. "Kumbukumbu za utotoni zinadanganya. Hebu tazama vizuri. Mlango uko wapi?"

"Hakuna mlango."

"Umeona! Mtu mwenye akili timamu atajengaje ukuta bila mlango? Mlango haukuwekwa kwa sababu aliyemo ndani hakukusudiwa kutoka."

Osla akaweka ndoo chini. Alihisi dharau inampanda taratibu kutoka miguuni, ya joto, karibu tamu.

"Mlango haukuwekwa kwa sababu kondoo wanaujua mlango, Rasmie. Mtu anapanda ukuta. Mama yako mwenyewe alikuwa anapanda, tena mjamzito, wewe ukiwa tumboni. Au alikuwa anatembelea makaburi?"

"Unayo karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya umiliki. Kamati imeandikiwa na mwenye ardhi, kwa saini. Wewe umeandikiwa nini?"

"Hao Waviking wako waliandikiwa na nani? Hapa mtu akijenga kitalu mlimani ni chake mpaka ukuta uanguke, na kila mtu anajua. Hiyo ndiyo sheria waliyokuja nayo kwenye mashua. Umesoma vitabu vyote hivyo, hilo hukulikuta?"

Rasmie akaandika kitu kwenye daftari. "Nitalileta kwenye kamati," akasema. "Nawe utasikilizwa."

Osla alitaka kuikata ile kamba siku ileile. Baabie ndiye aliyemzuia. "Tuishi kwa amani na watu wote, kipenzi," alimwambia, "nenda kamatini, sema kwa upole, hawatakunyima." Osla akaenda.

Kamati ilikutana ukumbini siku ya Alhamisi. Walikuwa watu saba na birika mbili za chai. Osla aliwatazama mmoja mmoja huku wanapaka siagi mikate yao. Ertie, binamu yake wa damu, ambaye alikula kabichi ile tangu hana meno, alikuwa ameahidiwa kubeba upanga siku ya uzinduzi wa kaburi, na hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Mwalimu mstaafu alisema kwamba siku hizi watalii wanapenda makaburi. Mama wa posta alisema kabichi hata kwenye duka la feri ipo. Osla akaeleza: mbegu ngapi zimebaki, ngapi zimechipua, mwezi gani ndio mwezi. Alieleza kwa upole kama alivyoagizwa. Walimsikiliza wakitafuna.

Wakapiga kura. Sita walikubali kaburi libaki kaburi mpaka mtaalamu atakapokuja kulichunguza, mwezi wa nne. Mmoja hakupiga kura kwa sababu alikuwa jikoni anaongeza maji. Ertie aliinua mkono, lakini aliuinua kidogo, mpaka usawa wa sikio, kana kwamba anajikuna.

"Ngoja mwezi wa nne tu, dada," alimwambia Osla mlangoni. "Ni uvumilivu kidogo."

"Ertie," Osla akasema, "mwezi wa nne ndio tunateremsha miche. Hata hilo umelisahau? Wamekulipa upanga wa mbao ukasahau na mwezi?"

"Si wa mbao. Ni wa bati."

"Hongera."

Jumapili alikwenda kanisani. Ulipofika mstari ule wa kusamehewa makosa kama tunavyowasamehe wengine, aliufunga mdomo wake, kwa sababu hakutaka kumdanganya Mungu nyumbani kwake mwenyewe. Rasmie alikuwa ameketi viti viwili mbele, bila kofia siku hiyo, na upara wake ulikuwa na mstari mwekundu mahali kofia inapombana. Osla aliutazama ule mstari. Akajaribu kumhurumia. Akajaribu kwa nguvu zote alizopewa, na katikati ya zaburi kicheko kikamtoka puani, mpaka Baabie akampa leso akidhani ni mafua.

Kuanzia Jumatatu mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa siku kumi na moja, na hata kama kamba isingekuwepo Osla asingesia, maana mbegu za miaka minne zikizama kwenye tope zinaoza. Kila asubuhi alisimama dirishani na kikombe chake. Mwezi ulikuwa unakwisha. Ijumaa jioni upepo ukageuka ukatoka kaskazini, mkavu, na Jumamosi kukapambazuka anga imeoshwa, mlima unafuka mvuke. Ilikuwa tarehe ishirini na nne. Na ilikuwa siku ya uzinduzi.

Osla akavaa buti. Akachukua reki na ndoo ya majivu, na soksi ya sufi ambamo mbegu zilikaa, akaifunga kiunoni chini ya aproni. Baabie alimkuta kwenye lango la malisho.

"Osla. Leo kuna wageni."

"Leo kuna ukavu."

Baabie akatazama anga, kisha akatazama ile ndoo. Alikuwa mkulima kabla hajawa mzee wa kanisa. Akachukua reki kutoka mkononi mwa rafiki yake, wakapanda pamoja.

Juu kulikuwa na watu kama thelathini. Wanaume tisa walikuwa wameshika mienge iliyowashwa saa tano ya mchana, jua likiwaka, na miali haikuonekana, ni moshi tu uliokuwa ukiwaingia machoni. Vazi la chuma la Rasmie lilikuwa limesukwa na mke wake kwa kamba ya katani na kupakwa rangi ya fedha, na kwa ule unyevu wa mlimani lilikuwa limevimba na kurefuka mpaka likafika magotini. Kando yake alisimama mgeni wa heshima, bibi mmoja mfupi mwenye koti la mvua, aliyeitwa Marjun. Alikuwa ametoka visiwa vya Faroe, kule mbele zaidi kaskazini, ambako alitunza nyumba ya makumbusho hadi alipostaafu. Rasmie alikuwa amemwandikia barua tatu akimwita dada wa damu.

"Hapa," Rasmie alikuwa anasema, "ndani ya ukuta huu usio na mlango, jemadari amelala na upanga wake, na hakuna mguu wa binadamu uliokanyaga humu kwa miaka elfu moja…"

Osla akapita katikati ya mienge, akaikanyaga kamba mpaka ikalala chini.

"Osla," Rasmie akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa. "Siyo leo."

"Ni leo."

"Nitakuzuia."

"Nizuie."

Osla akashika jiwe la juu, akaweka buti kwenye pengo alilolijua tangu akiwa na miaka sita, akajivuta. Alikuwa na miaka sitini na sita na goti moja halikunjiki, lakini alivuka. Rasmie akarusha mguu amfuate. Vazi likamkamata magotini. Akajaribu tena, likakamata tena, kofia ikamshukia machoni, na akabaki ameukumbatia ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe gizani. Hakuna aliyemsaidia. Wanaume wote walikuwa na mienge mikononi.

Ndani, udongo ulikuwa mweusi, umekauka juu vidole viwili, vizuri kabisa. Baabie akampitishia reki, akampitishia ndoo. Osla akaanza kusawazisha. Alisikia Rasmie anamwomba mgeni radhi, kwamba huyu ni mama wa hapa, mzee, ana maudhi yake, kwamba mambo haya yatafikishwa panapohusika. Mgeni huyo akisema ni kaburi, basi ni kaburi, na kesho watakuja kuchimbua udongo pamoja na mbegu ndani yake.

Kichwa cha Bibi Marjun kikatokea juu ya ukuta.

"Unachanganya na majivu?" akauliza.

"Ndiyo," Osla akasema. "Ili mkono uone ulikopita."

"Sisi tunachanganya na mchanga. Mama yangu alikuwa anasema majivu yanaunguza."

"Yanaunguza yakiwa mapya. Haya ni ya mwaka jana."

"Aa." Mgeni akafikiri. "Hapo sawa."

"Bibi Marjun," Rasmie akaita, "tafadhali usiegemee, hilo ni kaburi!"

Bibi Marjun akachukua udongo kidogo, akaunusa. "La nani?" akauliza. "Mbona lina mwani? Bwana Halcrow, kwetu kila nyumba ilikuwa na kitalu kimoja cha hivi. Changu kipo nyuma ya jiko. Mjukuu wangu anafugia bata humo."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mama wa posta, ambaye mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka Alhamisi ile, alicheka kuliko wote. Mwalimu mstaafu akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka kidogo. Hapo Baabie, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, akasema kwa wote:

"Mnataka mawe ya Waviking? Yalikuwa ufukweni, nyumba nzima. Babu yake Rasmie aliyabeba yote kwa mkokoteni akajengea choo. Nendeni mkakizindue."

Osla hakucheka. Aliifungua soksi. Alimwaga mbegu kwenye kiganja kilichojaa majivu, akazichanganya kwa kidole, akaanza kusia kutoka ukutani kuja katikati, mkono chini kabisa, hatua baada ya hatua. Alipomaliza akazifunika kwa mgongo wa reki. Alipoinua kichwa akamwona Ertie anauvuka ukuta, amevua joho, ana wavu wa zamani wa samaki begani.

"Wa kufunikia," Ertie akasema. "Ndege."

"Asubuhi ulikuwa na upanga."

"Nimeuacha chini."

Osla alimtazama. Wiki mbili zilizopita mkono huu uliinuka usawa wa sikio, na leo unashika wavu kwa sababu mgeni amesema. Akawatazama na wengine, walioanza kuzima mienge yao kwenye majani mabichi na kusogea karibu na ukuta, kila mmoja akikumbuka kwa sauti kubwa bibi yake alikuwa na kitalu wapi. Aliwadharau wote sawasawa, bila upendeleo.

"Vuta upande wako," akamwambia Ertie. "Usikanyage katikati."

Alipovuka kutoka nje, Rasmie alikuwa anamngoja. Kofia ilikuwa kwapani. Alikuwa amepata jambo jingine tayari, macho yalikuwa yanang'aa.

"Osla, nimefikiri. Kabichi ya Waviking! Hii ni kubwa kuliko kaburi. Tutabadilisha ubao. Ninachokuomba ni mbegu chache tu, kumi hata tano, niweke kwenye sanduku la kioo ukumbini, na jina lako chini yake."

"Ziote wapi, kwenye kioo?"

"Hazitaota. Zitaonekana."

Osla akaifungua soksi, akaigeuza nje ndani mbele yake ili aone kwamba hamna kitu. Mbegu moja iliyokuwa imenasa kwenye uzi ikadondoka ikalala juu ya jiwe kati yao, ndogo, nyeusi. Rasmie akainama. Lile vazi halikumruhusu kufika chini.

Osla alilowesha kidole kwa ulimi, akaigusa, ikashika. Akaunyoosha mkono juu ya ukuta, chini ya wavu, akaisukuma udongoni.

Siku ya tisa alipanda mlimani peke yake. Mbegu nyingi hazikuchomoza. Alizihesabu zilizochomoza kwa kidole bila kuzigusa, akafika mia moja na kumi na mbili, majani mawilimawili, akaacha kuhesabu kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Zilitosha kula, na zilitosha kuachia nyingine zizae mbegu. Alipiga magoti kwenye mawe akashukuru. Alimwombea Baabie, akamwombea Bibi Marjun na bata wa mjukuu wake. Alipofika kwa Rasmie aliinuka akausawazisha wavu, upepo ukipita juu ya ukuta, kisha akamwambia Mungu kwamba huyo bado.